Fungua Mdomo Nikunuse

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kununua vitu vya kipaimara cha mtoto wa rafiki yangu, bajaji ikanishusha kwenye mtaa ambao miaka yote nimekuwa nikiukwepa. Mbele ya duka la jumla kijana alikuwa anachana katoni za pipi, zile za matunda, nanasi na chungwa na embe, na harufu yake ikanifikia kabla sijaliona duka lenyewe. Wenzangu wakinusa harufu ile wanakumbuka Krismasi, wanakumbuka Idi, wanakumbuka mjomba aliyekuja na mfuko. Mimi mdomo ulijifunga wenyewe. Nilisimama katikati ya njia nimepigwa na bumbuwazi mpaka mwenye mkokoteni akanifokea, "Dada, pisha basi, au umelipia hapo?" Nikapisha, nikaondoka bila kununua kitu.

Niseme mapema ili tusidanganyane: sijasamehe. Tukikaa watu wa rika langu kwenye sherehe, vinywaji vikishakolea, huwa tunaanza kusimuliana viboko vya utotoni na kuvichekea. Mama yangu alinipiga kwa hiki, baba yangu kwa kile, na mwisho lazima mmoja aseme, "Lakini si ndiyo tumekuwa watu?" Halafu wanagonga glasi. Mimi huangalia simu yangu.

Wazazi wangu walishuka kutoka Kilimanjaro kabla sijazaliwa, wakaanzia kwenye meza ya barabarani, na mpaka mimi napata akili tayari walikuwa na duka la jumla la pipi, biskuti na jojo, nasi tunaishi ghorofani juu yake. Mama ndiye aliyekuwa duka. Alikaa kaunta tangu asubuhi, kitenge kimefungwa kiunoni, kalamu sikioni, na kila mteja wa mkoani alimwita kwa jina la mji wake: "Tabora ameshafika? Songea, mbona leo umenuna?" Baba alikuwa mtu wa stoo, mtu wa mizigo na wa kimya. Kaka yangu Elia, mkubwa wangu kwa mbali, alishamaliza shule na alikuwa anazunguka kati yao na simu mkononi. Mimi nilikuwa kitinda mimba, Upendo wa Mama Elia, mtoto niliyelala mchana juu ya maboksi ya biskuti na kuamka na alama za kamba shavuni.

Nilianza kuumwa nikiwa darasa la pili. Ilinishika kiu ambayo maji hayaikati, nikaanza tena kukojoa kitandani, mimi niliyeacha zamani, nikakonda mpaka sare ikanipwaya. Siku nilipozimia shuleni ndipo daktari aliposema ni kisukari, kile kinachowapata watoto, ambacho bila sindano za insulini kila siku mtoto haishi. Alisema pia kwamba hakitokani na pipi. Alisema mara mbili, mimi nilimsikia. Lakini nani Kariakoo alikuwa na masikio ya kusikia hilo? Mtu akiambiwa mtoto wa Mama Elia ana kisukari, alitupa macho kwenye katoni zilizopangwa mpaka darini, akaguna. "Mmh. Ndiyo maana." Nadhani Mama alilisikia lile guno mara nyingi kuliko alivyomsikia daktari.

Na siku ile ya daktari Mama alilia sana, hakushika lolote. Baada ya hapo kliniki yetu iliangukia siku ambayo wateja wa mikoani wanapakia mizigo, kwa hiyo Elia ndiye aliyenipeleka. Nesi alieleza, Elia akaitikia "sawa, sawa" huku anachati, na tuliporudi alimpa Mama maelezo yote kwa mkato: dawa ikae kwenye baridi, na mtoto asile vitamu. Mama hakuhitaji zaidi. Yeye akiambiwa jambo alilifanya kwa moyo wote, hakuwa mtu wa nusu nusu. Friji yetu ya juu aliidharau. Kila mtu anaifungua, na umeme ukikatika inageuka kabati. Dukani, pale mlangoni, kulikuwa na friza kubwa ya kuuzia maji na soda za baridi, yenye kufuli, na jenereta ya duka ilikuwa haiiachi hata dakika. Vichupa vyangu akaviweka humo, chini kabisa, kwenye kopo la siagi, vimelaliwa na barafu. "Hapa ndipo penye baridi ya kweli," alimwambia Baba, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na msalaba wake.

Asubuhi kichupa kilitoka kimeganda. Mama aliamka kabla yetu, akashuka kukichukua, akakitia kifuani ndani ya sidiria na kuchemsha chai nacho humohumo mpaka kiyeyuke. Kilikuwa na chembe nyeupe chini, kama machicha ya nazi, na mimi niliamini hiyo ndiyo sukari yangu ambayo dawa imeshaikamata. Alinichoma kwa mkono mwepesi ajabu, akanipulizia pale palipochomwa, akasema, "Pole, mama." Sitaki mtu adhani alikuwa mwanamke katili. Ningefurahi angekuwa katili, ingekuwa rahisi kwangu kusimulia.

Sukari haikushuka. Ilishuka kidogo tu, ya kunifanya nisife. Kliniki walishangaa wakapandisha dozi, baadaye wakapandisha tena. Mara kadhaa nililazwa, nahema na kutapika, na kila nikilazwa, baada ya muda mfupi tu sukari inashuka vizuri, rangi inanirudia, naomba chipsi. Mama alikaa pembeni ya kitanda, anaitazama ile namba kwenye mashine, na hapo ndipo alipokata shauri. "Hospitali hakuna pipi," alisema. "Hospitali sukari inashuka. Nyumbani kuna pipi, sukari inapanda. Mnataka niambiwe na nani tena?" Mfanyabiashara yeyote wa mtaa ule angepiga hesabu hiyohiyo na kupata jibu hilohilo.

Ndipo kukaanza kunuswa. Jioni duka likifungwa Mama aliniita kaunta, akanishika kidevu. "Fungua mdomo nikunuse." Nilifungua. Alisogeza pua, akafumba macho, akavuta pumzi, yeye aliyeweza kutofautisha pipi ya nanasi ya kiwanda hiki na ya kiwanda kile bila kuangalia karatasi. Na harufu ilikuwepo. Mungu wangu, ilikuwepo kweli! Hata mimi niliisikia, tamu, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi.

"Nanasi," alisema Mama. "Leo umekula za nanasi."

"Sijala, Mama."

"Mdomo wako unasema umekula, wewe unasema hujala. Nimwamini nani?"

"Haki ya Mungu tena, sijala."

"Usimtaje Mungu na pipi mdomoni!"

Kisha mwiko. Alinipiga kwa mwiko wa ugali, miguuni na makalioni, na huku analia kuliko mimi. "Nitakupiga uwe hai," alikuwa akisema. "Afadhali unichukie ukiwa hai kuliko nikuzike unanipenda." Basi alichokitaka alikipata, nipo hai.

Wafanyakazi wote wa duka waliambiwa. Nikipita stoo mtu ananigeuza mifuko ya sare: "Samahani mdogo wetu, amri ya bosi." Mwalimu wangu aliambiwa. Mama wa Shule ya Jumapili aliambiwa, na siku ya kugawa keki sahani ilinipita bila hata kusimama. Hata wapagazi waliokuja kununua maji ya baridi wakinikuta mlangoni walikuwa wananitania, "Vipi mwizi wetu, leo umekula ngapi?" Walikuwa hawana ubaya, walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa naingia ndani nalia nyuma ya maboksi.

Na kwa akili yangu ya kitoto nilitafuta maelezo, maana nilijua sijala, na harufu nilikuwa nayo. Nikaona jibu ni moja: pipi zinaingia kwa pua. Tunalala juu yake, tunavuta hewa yake mchana na usiku, harufu inaingia, ikifika tumboni inageuka sukari. Basi nikaanza kujizuia. Nilishuka ngazi mbio nimebana pumzi mpaka barabarani, na kulala nikalala na khanga imefungwa puani. Mama alipoiona ile khanga aliniuliza ya nini, nikamweleza, tena kwa furaha, nikijua sasa tumeupata ufumbuzi. Alinitazama sana. "Ruwa wangu," alisema, akimwita Mungu kwa Kichaga kama alivyofanya akizidiwa, "uongo wa huyu mtoto umeshafika huku?"

Siku ile nilikata tamaa. Kesho yake aliponishika kidevu sikusubiri, nikasema mwenyewe, "Nimekula za nanasi, Mama. Na za chungwa." Viboko vikawa vichache, na baada ya viboko akanikumbatia kwa kuwa nimesema ukweli. Tangu hapo nikawa nakiri kila jioni, na ladha nachagua mwenyewe.

Habari za kambi zilitoka kliniki, karibu na likizo ya Juni. Watoto wenye kisukari cha sindano wangekaa pamoja wiki nzima kwenye hosteli ya chuo kimoja nje ya jiji, njia ya Kibaha, wafundishwe namna ya kuishi na ugonjwa. Nilidhani Mama atakataa. Hakukataa hata kidogo. "Aende," alisema. "Huko hakuna duka. Labda watamnyoosha."

Basi lilitukusanya Mnazi Mmoja asubuhi, wazazi wamesimama na mabegi, watoto wamenywea. Mama alinishika mkono mpaka kwa nesi aliyekuwa anaongoza safari, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Tulimwita Sista Kulwa. "Sista, huyu wangu nakuambia mapema," alisema Mama. "Ni mwizi. Anaiba pipi. Mfungieni kila kitu." Watoto wote waligeuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Ndani ya basi msichana wa umri wangu, mwenye mtandio wa kijani, alikuja kukaa karibu yangu.

"Mambo?"

"Poa."

"Hizo pipi unaiba wapi? Unionyeshe na mimi."

Alikuwa anaitwa Mwanahawa. Aliishi na bibi yake karibu na soko la Mchikichini, bibi anauza nguo za mitumba za watoto, na hawakuwa na friji wala friza. Dawa yake ilikaa kwenye mtungi wa maji, ndani ya kikopo. Nilimwonea huruma, na nilimwambia hivyohivyo: sisi tuna friza. "Hongereni," alisema, akatazama dirishani.

Sijui niwaelezeje raha ya wiki ile. Kwa mara ya kwanza niliona watoto wengine wanaochomwa sindano, mstari mzima, wengine wadogo kuliko mimi. Asubuhi tulipima sukari kwa pamoja, kila mtu anapaza sauti namba yake, na mwenye namba mbaya hakupigwa. Aliulizwa jana alikula nini, alilala saa ngapi, basi. Tulifundishwa kujichoma wenyewe. Tulifundishwa kupima ugali kwa ngumi ya mkono wako mwenyewe. Wakaka wakubwa waliotusimamia nao walikuwa na kisukari, wana ndevu, wanacheka, na mmoja alikuwa na mchumba. Nilikuwa sijajua kwamba mtu mwenye ugonjwa wangu anaweza kufika umri wa kuota ndevu.

Jioni ya kwanza, kabla ya chakula, nilikwenda mwenyewe kwa Sista Kulwa, nikasimama mbele yake nimefungua mdomo.

"Jino linakuuma?"

"Hapana. Uninuse."

"Nikunuse nini, wewe mtoto?" Aliangua kicheko, akainama kunifurahisha. Kisha akaacha kucheka. Alininusa mara ya pili, polepole.

"Ni nanasi," nilimsaidia. "Na chungwa."

"Nani amekuambia hili ni nanasi?"

"Mama."

Alinipeleka chooni nikakojoe kwenye kikombe, akachovya kijiti, kikabadilika rangi, naye akakikodolea macho muda mrefu. Usiku ule waliniamsha mara kwa mara kunipima na kuninywesha maji. Nilidhani ni adhabu ya kambini, nikashukuru kwamba haina mwiko.

Walinipa dawa ya kambi, mpya, na dozi yangu kubwa waliipunguza kwa tahadhari. Kupunguza huko hakukutosha. Baada ya siku mbili hivi tulikuwa tunacheza rede uwanjani, mimi nipo katikati nakwepa mpira, mara miguu ikawa si yangu. Mikono ilitetemeka, jasho likanimwagika, sauti za wenzangu zikaenda mbali. Tangu niugue sukari yangu ilikuwa haijawahi kushuka namna ile, kwa hiyo sikujua ni nini. Nilijua tu nakufa. Mwanahawa alinidaka kabla sijaanguka. "Ameshuka!" alipiga kelele. "Sista, Upendo ameshuka!"

Sista Kulwa alikuja mbio na chupa ya soda. "Kunywa, mwanangu. Haraka."

Nilifunga mdomo.

"Kunywa!"

Nilikaza meno. Wakaleta pipi, wakaimenya, wakanigusisha mdomoni, ya nanasi, ileile ya dukani kwetu, niliijua karatasi yake. Nikageuza uso kwenye mchanga. "Sili," nilisema. "Mama atanusa."

"Mama yako hayupo hapa!"

"Atanusa nikirudi."

Nakumbuka uso wa Sista Kulwa uliokuwa juu yangu, jinsi ulivyobadilika. Nilikuwa tayari kufa pale uwanjani kuliko kurudi nyumbani na harufu ya kweli. Sijui kingetokea nini bila Mwanahawa. Alinikalia tumboni, akanibana pua kwa vidole vyake viwili, "Kiburi chako hicho, utakufa utuletee kesi!" na nilipofungua mdomo kutafuta hewa, Sista akanipaka glukosi ndani ya mashavu, akasugua, akaongeza. Taratibu uwanja ulirudi mahali pake. Nikaisikia ile ladha tamu kila mahali mdomoni, nikaanza kulia kwa kwikwi. Walidhani ni hofu. Nilikuwa nalia kwa sababu sasa nimekuwa mwizi kweli.

Baadaye, nimelala kwenye mkeka barazani, Sista Kulwa alikaa chini pembeni yangu, akanyoosha miguu yake mizito, akauliza mambo madogo madogo. Nyumbani nani anakuchoma? Mama. Dawa inakaa wapi? Kwenye friza. Friza, au friji? Friza, nilimwambia kwa majivuno, chini kabisa penye barafu, Mama anaiyeyusha kifuani. Alifumba macho. Mwanahawa, aliyekuwa ananipepea kwa kifuniko cha ndoo, aliacha kupepea.

"Upendo, nisikilize," alisema Sista. "Dawa hii ikiganda imekufa. Hata ukiiyeyusha, inakuwa kama maji. Ulikuwa unachomwa sindano isiyo na nguvu." Akanieleza na ile harufu: mwili ukikosa insulini unajila wenyewe, unaunguza mafuta yake, na moshi wake unatokea mdomoni na harufu ya tunda. "Haikuwa pipi. Haijawahi kuwa pipi. Ulikuwa unaumwa, mama, ulikuwa unaumwa sana."

"Bibi yangu naye ananinusa," alisema Mwanahawa. "Akisikia tunda ananibeba mbio hospitali, hata viatu havai."

Niliwaza lile neno kwa muda: ananibeba. Siku zilizobaki nilikuwa nakariri maneno ya Sista kila nikienda kuoga, nisije nikayakosea mbele ya Mama. Dawa ikiganda imekufa. Haijawahi kuwa pipi. Nilijipangia na vile itakavyokuwa: Mama atashika mdomo, atalia, atanikumbatia, atasema pole, mwanangu, sikujua. Kisha ataita watu wote, wafanyakazi na wapagazi na mama wa Shule ya Jumapili, awaambie kwamba Upendo si mwizi. Hicho ndicho nilichokitaka, na sikutaka kingine chochote duniani.

Tulirudi Mnazi Mmoja siku ya Jumamosi. Bibi yake Mwanahawa alikuwepo tangu basi linakata kona, anapunga mtandio. Mama na Baba walikuja na kirikuu, kigari cha mizigo cha duka. Nilikwenda nao mpaka kwa Sista Kulwa, na Sista akawaeleza vizuri, kwa sauti ya chini, bila kumlaumu mtu. Dawa isigande, ikae kwenye friji ya kawaida au mtungini. Harufu ile ni ugonjwa. "Wengi hawajui, mama," alisema. "Wewe umejitahidi. Lakini mtoto huyu hakuwa anaiba."

Mama hakusogea. Mkono wake ulipanda taratibu, ukashika kifua, pale alipokuwa anayeyushia. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

"Asante, Sista," alisema Mama. "Tumekusikia. Mungu akubariki kwa kazi yako."

Kwenye kirikuu nilikaa katikati yao. Nilisubiri. Mama ambaye nikijikwaa kidole alikuwa anasema pole mara saba, aliongea na Baba habari za mzigo wa Songea. Tulipofika alifungua friza, akatoa vichupa vyote, akavifunga kwenye gazeti na kwenda kuvitupa yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu. Vipya vikakaa kwenye mlango wa friji yetu ya juu. Kunuswa kuliisha kana kwamba hakukuwahi kuwepo. Sukari ilishuka, mwili ukarudi, sare ikanibana. Nami niliendelea kusubiri lile pole, jioni moja baada ya nyingine, nikipita pale kaunta polepole ili aniite.

Nimeshakuwa mtu mzima na naelewa kwa nini halikuja. Angelisema, angelazimika kujua alichofanya, na asubuhi zote zile za kuamka gizani zingekuwa zimekwenda wapi? Naelewa, na bado sijasamehe. Mama amekwishafariki. Nilimuuguza mwenyewe, nikamwogesha, nikamlisha uji kwa kijiko, na hata pale, Mungu anajua, nilikuwa nasubiri. Aliniomba maji. Aliniomba nimfungulie dirisha. Aliniuliza kama Elia amefunga duka.

Lakini kama ningekuwa nalipwa deni moja tu, ningedai la Jumapili moja, miezi michache baada ya kambi. Tulikuwa na wageni baada ya ibada, watu wa kanisani na wafanyabiashara wenzao kutoka nyumbani, sebule imejaa, pilau imeshaliwa. Mama mmoja, mke wa mzee wa kanisa, akasema, "Jamani Mama Elia, huyu binti mbona amependeza hivi? Amenawiri!"

Mama alinivuta ubavuni kwake. "Huyu mnayemwona," alisema, "alikuwa mwizi wa pipi aliyeshindikana. Nimempiga mpaka mkono umechoka. Nikampeleka kambini, wamemnyoosha, na sasa hagusi. Mwangalieni alivyonenepa."

"Bwana asifiwe!"

"Ameen!"

Walipiga makofi. Mtu akasema watoto wa siku hizi bila fimbo hawaendi. Nikamtafuta Baba kwa macho. Siku ile ya Mnazi Mmoja Baba alikuwa amesimama nusu hatua kutoka kwa Sista Kulwa, alisikia neno kwa neno.

"Baba," nilisema. "Si ulisikia? Si Sista alisema..."

Baba aliweka glasi mezani. Alimtazama Mama, lakini Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kwamba ananiogopa.

"Upendo," alisema Baba, "mama yako amehangaika sana na wewe. Waambie wageni kwamba hutarudia."

Wote walikuwa wananitazama, wanatabasamu, wananitakia mema. Nilimsubiri Mama aseme hapana. Mkono wake ulibaki ubavuni mwangu, na mdomo wake haukufunguka.

"Sitarudia," nilisema.

"Hongera, mwanangu," akasema mke wa mzee wa kanisa, akanipa mkono. "Na mama yako umshukuru."

"Asante, Mama."

Mama alivuta pumzi ndefu, akaniachia. "Haya," alisema, "nenda kawaletee wageni soda."